Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Nyumba ya Bei Nafuu Ndiyo Inayokosa Mkopo?

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu nyumba zilizokwisha kujengwa, ndogo na za bei ya chini, ambazo muuzaji yupo, mnunuzi yupo na bei imekubaliwa, lakini fedha za kukamilisha ununuzi hazipatikani. Tumefupisha baadhi ya barua na kuondoa majina ya waandishi pamoja na ya taasisi walizozitaja.

SWALI: Mheshimiwa mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimepata nyumba ya vyumba viwili ambayo, kwa hesabu yangu, marejesho yake ya kila mwezi yasingezidi kodi ya pango ninayolipa sasa. Benki ya kwanza iliniambia kuwa haitoi mkopo wa nyumba wa kiasi kidogo namna hiyo. Ya pili ilinishauri nichukue mkopo wa mshahara wa miaka minne, ambao marejesho yake siyawezi. Inakuwaje anayetaka nyumba kubwa akubaliwe, na mimi ninayetaka nyumba ndogo nikataliwe?

JIBU: Ndugu mwalimu, swali lako limegusa kiini cha tatizo lote. Kuna gharama katika kutoa mkopo wa nyumba ambazo hazipungui bei ya nyumba inapopungua. Mthamini hutembelea nyumba ya vyumba viwili kama anavyotembelea jumba la ghorofa. Wakili hufanya upekuzi wa hati na kuandika mkataba kwa muda ule ule. Afisa mikopo hujaza faili lenye kurasa zile zile, na usajili wa rehani hupitia hatua zile zile. Tuseme nyumba moja ina bei mara tano ya nyingine, na gharama hizo kwa nyumba ya bei kubwa ni sawa na asilimia 2 ya bei yake. Kwa nyumba ndogo, gharama hizo hizo zinakuwa asilimia 10 ya bei. Wakati huohuo, riba ambayo benki itaipata kwako ni sehemu moja ya tano ya ile itakayoipata kwa mwenzako. Zaidi ya hayo, mahali pengi afisa anayetafuta wateja wa mikopo hulipwa kamisheni kwa asilimia ya mkopo, kwa hiyo hana sababu ya kuhangaika na faili lako wakati faili kubwa linamsubiri mezani.

Usidhani kwamba jambo hili linazikumba nchi zenye benki changa peke yake. Nchini Marekani, ambako mikopo ya nyumba imezoeleka kwa vizazi kadhaa, mikopo iliyo chini ya dola 100,000 au 150,000 huitwa midogo, na wanaoiomba hukutana na ukuta ule ule: nyumba wanazoziweza zipo sokoni, lakini wakopeshaji hawavutiwi nazo, na mara nyingi nyumba hizo huishia mikononi mwa wawekezaji wenye fedha taslimu, ambao huzipangisha kwa watu wale wale waliotaka kuzinunua. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma, hata pale ambapo hakuna aliyeikusudia. Mtu ambaye kila mwezi analipa pango bila kuchelewa anaambiwa kwamba hawezi kuaminiwa na kiasi hicho hicho cha fedha kikiitwa marejesho.

Sababu ya pili ni muda. Amana nyingi za wateja katika benki zinaweza kudaiwa wakati wowote, na benki inayozitumia kutoa mkopo wa miaka 20 hujiweka katika hatari ya kudaiwa leo fedha itakazolipwa baada ya miaka mingi. Kwa ajili hiyo zimeanzishwa kampuni ambazo kazi yake ni kuzikopesha benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba. Tanzania iliunda ya kwake, TMRC, mwaka 2010, na Kenya ikaunda KMRC mwaka 2018. Mnunuzi hakopi moja kwa moja kutoka kampuni hizo, lakini zina maana kwake, kwa sababu taasisi inayopata fedha za muda mrefu inaweza kumpa mkopaji muda mrefu.

Ningekushauri, basi, usikate tamaa kwa majibu ya benki mbili. Kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi, uliza mambo matatu: kiasi cha chini kabisa cha mkopo wa nyumba, muda mrefu zaidi unaotolewa, na jumla ya ada zote kwa kiasi cha fedha badala ya asilimia. Uliza pia kama mwajiri wako au chama chenu cha walimu kina makubaliano na taasisi yoyote, maana wanunuzi kumi wanaopeleka maombi kwa pamoja wanaweza kugawana gharama ambazo mmoja peke yake hazimudu. Mkopo wa mshahara nao una faida yake ya kutoweka nyumba rehani, lakini kama umekwisha kupiga hesabu na kuona kwamba marejesho yatakushinda, usikubali kusukumwa kuuchukua kwa sababu tu ndio unaopatikana haraka.

SWALI: Ndugu mhariri, nyumba ninayotaka kuinunua iliachwa na marehemu baba yake muuzaji, na hati bado ina jina la marehemu. Benki imekataa kuipokea kama dhamana. Muuzaji ni mtu tunayeheshimiana, naye amependekeza nimlipe yeye mwenyewe kwa awamu kwa miaka saba. Nihamie mara moja, kisha anikabidhi hati nitakapomaliza. Nikubali?

JIBU: Usikubali bado. Hapa kuna mambo mawili yaliyochanganyika, na inafaa tuyatenganishe.

La kwanza ni kama muuzaji ana mamlaka ya kuuza. Mwenye hati akifariki, mtoto wake hawi mmiliki wa nyumba nzima kwa sababu tu ndiye anayeishi ndani au ndiye aliyeshika karatasi. Lazima mirathi ifunguliwe, msimamizi wa mirathi athibitishwe na mamlaka yenye uwezo huo kisheria, warithi wajulikane, na jina libadilishwe kwenye daftari la usajili au msimamizi auze kwa mamlaka aliyopewa. Benki ilikataa kwa kuwa iliona kwamba siku ukishindwa kulipa, haitaweza kuiuza nyumba hiyo bila kukutana na ndugu wengine mahakamani. Ndugu hao hao wanaweza kukufuata wewe. Katika hili, kukataa kwa benki kumekupa onyo la bure, na ninakusihi ulisikilize.

Tatizo la hati zilizobaki kwa jina la marehemu, au zilizouzwa mkono kwa mkono kwa karatasi ya mashahidi bila kusajiliwa, huzikumba zaidi nyumba za bei ya chini, na sababu yake ni ile ile niliyomweleza mwalimu: gharama ya kufungua mirathi na kuhamisha umiliki ni nzito ikilinganishwa na thamani ya nyumba, hivyo familia huahirisha mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo usimwone muuzaji wako kuwa tapeli. Kaa naye, pamoja na warithi wote watu wazima, mkubaliane kwa maandishi nani atalipa gharama za mirathi, na kama utazilipa wewe, zikatwe kwenye bei. Hati ikishasafishwa unaweza kurudi benki, na huenda mpango wa awamu usihitajike tena.

La pili ni mpango wenyewe wa kumlipa muuzaji kwa awamu. Si mbaya kwa asili yake, lakini ukiandikwa vibaya unaweza kumfilisi mnunuzi, na historia imelionyesha hilo waziwazi. Katika miaka ya 1950 na 1960 mjini Chicago, familia nyingi za Wamarekani Weusi hazikuweza kupata mikopo ya kawaida, kwa kuwa mfumo wa bima ya mikopo ya nyumba ulioanzishwa na serikali kuu mwaka 1934 uliyatenga maeneo yao. Wakanunua kwa mikataba ya awamu kutoka kwa wauzaji waliowatoza bei ya juu kupita thamani. Mnunuzi alibeba matengenezo na kodi kama mwenye nyumba, ilhali hati ilibaki kwa muuzaji, na akikosa awamu moja aliweza kuondolewa kama mpangaji na kupoteza vyote alivyokwisha kulipa, kisha nyumba ikauzwa tena kwa familia nyingine kwa masharti yale yale. Mwaka 1968 wanunuzi hao waliunda umoja wao, Contract Buyers League, wakagoma kulipa na kudai mikataba ipitiwe upya, na baadhi yao wakafanikiwa kupata masharti mapya.

Ukitaka kuingia katika mpango wa namna hii baada ya mirathi kukamilika, mkataba wako uandikwe na wakili ambaye si wa muuzaji. Useme bayana kwamba ukichelewa utapewa muda wa kurekebisha, na kwamba mkataba ukivunjika utarudishiwa ulichokilipa baada ya kukatwa pango la haki kwa muda ulioishi humo. Umzuie muuzaji kuiweka nyumba rehani au kuiuza kwa mwingine, na zuio lisajiliwe kwenye ofisi ya ardhi ili yeyote atakayefanya upekuzi akukute. Useme kwamba muuzaji akifariki, warithi wake wanafungwa na mkataba. Hati na fomu za uhamisho zilizokwisha kutiwa saini zitunzwe na wakili mnayemwamini wote wawili, na kila awamu ilipwe kwa njia inayoacha kumbukumbu. Muuzaji akiwa na mke, au muuzaji akiwa mwanamke mwenye mume, ridhaa ya mwenzi iandikwe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kwa mfano, hairuhusu mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na nchi nyingine nyingi zina masharti ya aina hiyo. Heshima mliyo nayo isikufanye uone haya kudai haya yote. Miaka saba ni mirefu, na mkataba mzuri utailinda hiyo heshima kuliko maneno ya mdomo.

SWALI: Jirani yangu alipewa nyumba katika mpango wa serikali wa makazi ya watu wa kipato cha chini. Anataka kuniuzia kwa bei nzuri lakini anasema tusiende kwa wakili. Kuna shida gani?

JIBU: Huenda bado yumo katika kipindi ambacho haruhusiwi kuuza. Nchini Afrika Kusini, sheria ya makazi inamzuia aliyepewa nyumba kwa ruzuku ya serikali kuiuza ndani ya miaka 8 bila kwanza kuitoa kwa mamlaka ya makazi ya jimbo lake, na mipango ya nchi nyingine ina vizuizi vinavyofanana. Nia ilikuwa kumlinda mnyonge asirubuniwe, lakini matokeo yake ni kwamba mwenye shida ya kweli huuza kwa siri, kwa bei ya kutupa, kwa mnunuzi ambaye hatapata hati wala mkopo. Nenda kwenye ofisi iliyogawa nyumba hizo, uliza tarehe ya mwisho wa kizuizi, na usitoe hata malipo ya awali kabla ya kupata jibu la maandishi.

SWALI: Tulikubaliana bei na muuzaji, lakini mthamini wa benki ameikadiria nyumba kwa robo pungufu ya bei hiyo, akitaja paa lililochakaa na nyaya kuukuu za umeme. Benki bado ipo tayari kukopesha. Mbona nasikia kama nimefungiwa mlango?

JIBU: Kwa sababu kwa kweli mlango umekuwa mwembamba. Benki hukopesha kwa kuangalia kiasi kilicho kidogo kati ya bei na thamani. Tuseme bei ni 100 na benki hutoa asilimia 80. Ulitarajia mkopo wa 80, wewe utoe 20. Thamani ikiwa 75, mkopo unashuka hadi 60, na wewe unatakiwa kutoa 40, yaani mara mbili ya ulichokiweka akiba, na paa bado halijaguswa. Hapo ndipo wanunuzi wengi wa nyumba za zamani hukwama, si kwa kushindwa na marejesho.

Omba nakala ya ripoti ya mthamini na uende nayo kwa muuzaji. Ripoti iliyotaja paa na nyaya kwa majina ni hoja nzito kuliko kubembeleza, na muuzaji anapaswa kuelewa kwamba mnunuzi mwingine anayetegemea benki huenda akapata makadirio yanayokaribiana na hayo. Anaweza kupunguza bei, au kutengeneza paa kwanza, au mkagawana gharama. Uliza pia kama benki inaweza kutoa mkopo mmoja unaojumuisha ununuzi na matengenezo. Marekani inao mpango wa aina hiyo unaojulikana kama 203(k), ambapo fedha za matengenezo hutunzwa kando na kutolewa kadiri kazi inavyokaguliwa na kukamilika. Ni utaratibu ambao ningependa kuona ukiigwa, kwa maana nyumba nyingi za bei nafuu zilizo imara zinaachwa zioze kwa kukosa fedha za bati na nyaya.

Nyongeza moja: mthamini anaifanyia kazi benki, na anachotafuta ni bei ambayo nyumba ingeuzwa. Tafuta fundi wako mwenyewe aukague msingi, kuta, mfumo wa maji taka na mbao za paa, ikiwezekana baada ya mvua. Nyumba iliyokaliwa miaka mingi ina faida hii, kwamba kasoro nyingi zimekwisha kujitokeza, na majirani wanaweza kukueleza kama maji hukatika au hufurika.

SWALI: Nauza nguo sokoni na mapato yangu ni mazuri, lakini sina hati ya mshahara. Kila benki inanirudisha.

JIBU: Dada yangu, benki inatafuta ushahidi kwamba fedha zitaendelea kuingia, na hati ya mshahara ni njia rahisi tu ya kuupata. Kwa muda wa mwaka mmoja, pitisha mauzo yote kwenye akaunti moja au kwenye simu kabla ya kuyatumia, hata kama jioni hiyo hiyo utayatoa kwenda kununua mzigo, kwa sababu fedha isiyopita popote haionekani popote. Tunza daftari la mauzo na manunuzi, risiti za pango la nyumba na la kibanda, na kumbukumbu za kodi. Kisha anza kuweka kando kila mwezi kiasi kinacholingana na marejesho unayoyatarajia. Afisa mikopo akiona miezi kumi na miwili mfululizo ya akiba hiyo, ameona jambo ambalo maneno hayawezi kumthibitishia. Uliza pia kama ratiba ya marejesho inaweza kufuata misimu ya biashara yako. Akitokea dalali wa kukutengenezea hati ya mshahara ya bandia, mkatae: hiyo ni jinai, na nyumba iliyopatikana kwa hati hiyo unaweza kunyang'anywa.

SWALI: Chama chetu cha akiba na mikopo kinaweza kunikopesha bei nzima ya nyumba ndogo kwa miaka mitano, riba asilimia 15. Benki inanipa miaka 20 kwa riba hiyo hiyo ya asilimia 15. Ipi ni nafuu?

JIBU: Tuchukue kila 1,000 unayokopa, na tuanze kwa kudhani kwamba riba inatozwa kwenye deni lililobaki. Kwa miaka 5 utalipa takriban 23.79 kila mwezi, jumla kama 1,427. Kwa miaka 20 utalipa takriban 13.17 kila mwezi, lakini jumla inafika kama 3,160, zaidi ya mara tatu ya ulichokopa. Katika rejesho la kwanza la mkopo wa miaka 20, 12.50 ni riba, na deni linapungua kwa senti 67 tu. Muda mrefu umekupunguzia mzigo wa mwezi kwa karibu asilimia 45, na bei yake ni kulipa riba kwa miaka 15 ya ziada. Kati ya hapo kuna miaka 10: kama 16.13 kwa mwezi, jumla 1,936. Kama kipato chako kinaweza kuibeba miaka 10 bila kukata ada za watoto na matibabu, ningeitafuta hiyo kwanza.

Lakini kabla ya kulinganisha, uliza riba inatozwa juu ya nini. Baadhi ya wakopeshaji hutoza asilimia 15 kwa mwaka juu ya mkopo wote wa mwanzo, hata baada ya kulipa nusu yake. Kwa miaka 5 hiyo ni riba ya 750 kwa kila 1,000, na rejesho la 29.17 kwa mwezi. Ukiipima kwa kipimo cha deni linalopungua, riba hiyo ni karibu asilimia 25. Maneno "asilimia 15" yameandikwa sawasawa kwenye karatasi zote mbili, na mkopaji asiyeuliza hataiona tofauti mpaka amalize kulipa. Omba kila taasisi ikupe ratiba nzima ya marejesho, mwezi kwa mwezi hadi wa mwisho, pamoja na ada na bima, na maelezo ya maandishi kama unaruhusiwa kulipa mapema bila adhabu. Taasisi inayosita kukupa karatasi hiyo kabla ya saini, usiweke saini kwake.